Upepo wa Saa Nane

Barua ililetwa na mlinzi wa getini, yule yule aliyekuwa akimpigia Dereva saluti kila asubuhi gari la hospitali lilipotoka. Safari hii hakupiga saluti. Alisimama mlangoni ameishika bahasha kwa ncha za vidole, akasema yeye ametumwa tu, na kwamba ameambiwa arudi na funguo za gari. Dereva aliingia ndani, akazitoa funguo msumarini, akazifuta kwa kitambaa kama alivyozoea kila siku, akampa. Mlinzi akatoa karatasi nyingine mfukoni.

"Na hapa tia sahihi, kaka, kwamba umenikabidhi. Usinielewe vibaya."

"Nimekuelewa vizuri," Dereva akasema, akatia sahihi akiwa ameiweka karatasi kwenye fremu ya mlango.

Barua ilimtaka afike mbele ya kamati siku ya Jumanne saa nne asubuhi, aeleze kwa nini asifukuzwe kazi kwa uzembe na kwa kuandika uongo katika daftari la gari. Nyumba ile ya vyumba viwili nyuma ya wodi ilikuwa ya hospitali. Kazi ikienda na nyumba imekwenda. Hilo lilimtia hofu, lakini neno "uongo" ndilo lililomchoma. Alilisoma mara tatu, kisha akaikunja barua na kuikalia, labda kwa kudhani ikikaliwa itanyamaza.

Habari yenyewe hospitali nzima ilikuwa nayo. Siku ya Alhamisi, saa saba mchana, Dereva alikuwa akimrudisha muuguzi kutoka zahanati ya mbali alikokwenda kuchanja watoto. Tairi la nyuma la kulia likapasuka, gari likayumba na kulala ubavu mtaroni. Dereva alitoka na michubuko. Muuguzi alivunjika mkono wa kulia, mkono wa sindano. Kesho yake asubuhi, fundi wa gereji ya hospitali alipima upepo wa matairi matatu yaliyobaki, akakuta ishirini na saba, mahali panapotakiwa thelathini na tano. Akafungua daftari, akakuta mwandiko safi wa Dereva: Jumatatu, upepo thelathini na tano. Jumanne, thelathini na tano. Jumatano na Alhamisi vivyo hivyo. Fundi hakuhitaji kufikiri sana. Aliandika: "Mtu huyu hapimi. Anaandika tu."

Sasa, ungemjua Dereva ungecheka. Huyu ni mtu aliyewahi kugeuza gari na kurudi kilomita nane kwa sababu alisikia nati ikilia. Wenzake walimtania kwamba siku ya harusi yake aliwapima upepo hata wageni. Alichoandika daftarini alikiona kwa macho yake kwenye geji, kile kipimo cha upepo, na aliyeishika geji alikuwa mke wake.

*

Mke wake alifanya kazi kwenye mashine ya upepo ya kituo cha mafuta, njiapanda. Jina lake halisi lilijulikana nyumbani tu. Kwingine kote aliitwa Mama Upepo. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, mwenye mikono iliyokolea weusi wa matairi hata sabuni ilishasalimu amri. Angeweza kulibonyeza tairi kwa kidole gumba akataja namba, na geji ikija inamshuhudia. Miaka sita alishika zamu ya asubuhi, na kwa miaka sita hakuna dereva aliyerudi kulalamika. Madereva walisema mkono wa Mama Upepo haukosei. Yeye hakulisema, lakini alilisikia, na lilimpendeza.

Wiki tatu kabla ya ajali, mwenye kituo alimhamishia zamu ya mchana. Ndipo Dereva naye akabadili mwendo wake. Zamani alipita kwa mkewe alfajiri, kabla ya safari. Sasa akawa anapita saa nane, akitoka zahanati, matairi yakiwa bado yananuka lami. Mkewe anapima, anapunguza kilichozidi mpaka geji isome thelathini na tano kama kibandiko cha mlangoni mwa gari kinavyosema, wanacheka dakika mbili, na Dereva anaondoka. Mtu mwenye mke wa aina ile hahitaji tairi bovu ili apate sababu ya kupita.

Jioni ile ya barua walikaa watatu: Dereva, mkewe, na mama mzazi wa Dereva, ajuza mwenye magoti mabovu na ulimi mzima.

"Umeandika uongo?" mama akamuuliza mwanawe.

"Sijaandika uongo, Mama."

"Ulipima wewe?"

"Amepima mke wangu, mimi nikiwa nimesimama pale pale."

Ajuza akamgeukia mkwewe. "Mwanangu, ilikuwa ngapi?"

"Thelathini na tano, Mama. Kila siku."

"Basi mmeibiwa upepo," ajuza akasema. "Dunia imekwisha, wezi sasa wanaiba hata hewa."

Dereva akacheka bila kutaka. Mkewe hakucheka. Alikuwa akivitazama vidole vyake. Thelathini na tano aliiona mwenyewe. Ishirini na saba fundi naye aliiona mwenyewe. Fundi alikuwa na maringo, lakini kusoma geji alijua. Ikiwa wote wawili wanasema kweli, basi kuna kitu katikati ambacho hakuna aliyekiona, na Mama Upepo hakuwa mtu wa kuliacha jambo la matairi likamshinda hivi hivi.

*

Jumamosi alifika kituoni kabla jua halijachomoza, ingawa zamu yake ilikuwa ianze saa saba mchana. Mwenye teksi mmoja, mtu wa mizaha waliyemwita Baba Pacha, alikuwa na desturi ya kulaza gari lake kwenye uzio wa kituo. Mama Upepo alimwomba ruhusa, akapima matairi yote manne yakiwa baridi kama mawe. Thelathini na tano, yote manne. Akaandika kwa chaki ukutani.

Saa nane Baba Pacha akarudi kutoka safari ndefu, akiwa amebeba watu watano na mizigo yao. Mama Upepo akapima tena. Arobaini na mbili.

"Umejaza wapi?" akauliza.

"Nijaze wapi wakati mke wangu wa upepo yuko hapa? Punguza basi, niende."

Kidole gumba chake kilikwenda chenyewe kwenye valvu, mdomo wa tairi. Kikafika, kikasimama pale.

"Leo sipunguzi."

"Likipasuka je?"

"Halipasuki. Liweke kivulini ulale kidogo."

"Haya, daktari," Baba Pacha akasema, akalivuta gari kivulini. Baada ya saa mbili geji ilisoma thelathini na nane. Upande mmoja jua lilikuwa limesogea na kulipiga tairi la mbele, na hilo peke yake lilisoma arobaini. Gari halikuwa limesogea hata hatua. Mama Upepo akapima mara ya pili kwa geji nyingine, maana alidhani ya kwanza imeharibika. Jibu lilikuwa lile lile.

Jumapili kabla ya jua: thelathini na tano, yote manne. Hakuna aliyeongeza, hakuna aliyepunguza.

Alibaki na jambo moja tu la kufanya, na hakulipenda. Jumapili saa nane, gari lilipotoka safari likiwa na moto wake, alipunguza upepo wa tairi moja mpaka thelathini na tano, kama alivyowafanyia watu wote kwa wiki tatu. Jumatatu alfajiri alilipima tairi lile. Ishirini na nane.

Alikaa chini ukingoni mwa sakafu ya saruji, geji mkononi. Kibandiko cha mlangoni kilikuwa kinazungumzia tairi lililopoa, na yeye alikuwa akilipima tairi lenye homa. Hewa ndani ya tairi huvimba kwa joto kama donge la unga wa mkate lililowekwa karibu na jiko. Anayekata kilichovimba, asubuhi atakuta pengo. Miaka sita mkono wake haukukosea kwa sababu asubuhi ilikuwa ikimsaidia, naye hakujua kwamba anasaidiwa.

Na tairi lenye upepo mdogo, likibebeshwa mzigo, hukunjwa na kukunjuliwa kila mzunguko. Shika waya uukunje huku na huku mara ishirini, utaona unavyounguza vidole kabla haujakatika. Tairi la gari la hospitali lilikunjwa hivyo Jumanne, likapata moto zaidi, geji ikapanda zaidi, naye mwenyewe akapunguza tena. Jumatano akapunguza tena. Alhamisi likakatika.

Mama Upepo akasimama, akalirudishia tairi la Baba Pacha upepo wake. Kisha akanakili namba za ukutani kwenye karatasi, ndipo akafuta chaki. Hapa mimi ningeifuta chaki nikaondoka nayo moyoni. Wengi wetu tungefanya hivyo, na hakuna ambaye angejua.

*

Aliwaambia jioni ile, wakati wa kula. Alieleza polepole, namba moja baada ya nyingine, bila kulia. Alipomaliza alisema, "Kwa hiyo wewe hukuandika uongo. Mkono wa yule dada nimeuvunja mimi."

Dereva aliacha kula. Kisha akasogeza sahani.

"Kesho nitawaambia sikupima."

"Utasema uongo ili uondoe tuhuma ya uongo?"

"Nitasema nilikuwa mvivu. Watanifukuza, basi. Wewe utabaki na kazi yako na jina lako. Mwenye kituo akisikia habari hii hatakuweka hata siku moja. Tukikosa kazi wote wawili, Mama tutamlaza wapi?"

"Msinitie mimi kwenye hesabu zenu," ajuza akasema. "Mimi nimelala pabaya kuliko mnavyojua, na asubuhi niliamka."

"Mama, nazungumza na mke wangu."

"Zungumza naye. Lakini mchuma janga hula na wa kwao. Sijapata kusikia akala peke yake amejifungia chumbani."

Dereva akamshika mkewe mkono, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya mbele ya mama yake. "Nakuomba unyamaze. Neno moja tu hilo. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa."

Mama Upepo hakukubali wala hakukataa. Alikusanya vyombo, akaenda kuviosha.

*

Jumanne walimweka Dereva kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Watu waliokuwa wakimwita "kaka, nisogeze mpaka sokoni" walipita wakitazama dari. Karani alimpa kadi ya namba, kama mgonjwa, halafu akacheka na kuichukua tena. Mkewe alikaa pembeni yake, amevaa ovaroli la kazi, geji mfukoni.

Mezani walikaa watatu: Katibu wa hospitali, mwenye miwani na sauti ya chini; fundi wa gereji; na muuguzi mwenyewe, mkono umefungwa plasta na kuning'inizwa shingoni, aliyeitwa kama shahidi. Dereva akaingia. Kwa sababu ya joto mlango uliachwa wazi, na benchi lilikuwa hatua nne tu.

"Tunakusikiliza," Katibu akasema.

"Sina maneno mengi, mzee. Sikupima. Niliandika tu. Ni uvivu wangu."

Fundi akaegemea kiti, ameshinda.

"Anawadanganya," sauti ikasema mlangoni.

Mama Upepo alikuwa ameshaingia. Katibu akalitazama ovaroli lake kuanzia juu hadi chini. "Wewe ni nani, mama? Hiki ni kikao."

"Mimi ni mtu wa upepo, kule njiapanda. Huyu ni mume wangu. Alipima kila siku, kwa mkono wangu. Aliyekosea ni mimi."

"Msimsikilize," Dereva akasema haraka. "Ananihurumia. Kosa ni langu."

"Lako lipi wewe? Umewahi kushika mpira wa upepo?"

"Gari ni langu!"

"Gari ni la hospitali, na kosa ni langu!"

Katibu akavua miwani. "Ngojeni kwanza. Nimekaa kwenye kiti hiki miaka kumi na saba. Kila anayeingia hapa anamsukumia mwenzake lawama. Ninyi mnanyang'anyana. Kuna nini?"

Mama Upepo akatoa karatasi yake, akaeleza. Kidole chake kilifuata namba karatasini, moja baada ya nyingine. Fundi alimsikiliza akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Mzee, hii ni hadithi," akasema. "Thelathini na tano ni thelathini na tano. Hata darasani walitufundisha."

"Gari lako limefika saa ngapi, mzee?" Mama Upepo akamuuliza Katibu.

"Sasa hivi. Nimetoka mjini, nilikuwa na kikao cha asubuhi."

"Tukalipime."

Wakatoka nje wote, hata muuguzi na mkono wake. Fundi akachuchumaa, akachomeka geji yake mwenyewe. Akaitazama, akaiweka tena.

"Arobaini na moja," akasema. "Imezidi hii." Na hapo hapo, bila kuambiwa na mtu, akaweka ukucha kwenye valvu. Hewa ikatoa mluzi.

Mama Upepo akamshika kifundo cha mkono. Akamshika sawasawa, mkono mweusi juu ya shati jeupe.

"Asubuhi alipolitoa ilikuwa ngapi?"

"Nilimpimia mwenyewe, saa kumi na mbili. Thelathini na tano."

"Na sasa arobaini na moja. Nani amemjazia njiani?"

 Fundi akamtazama Katibu, na Katibu akatikisa kichwa kwamba hakupita popote. Fundi akashusha macho mpaka kwenye kidole chake, kilichokuwa bado kwenye valvu, akakiondoa polepole.

"Hapo ulipofika wewe, ndipo nilipokuwa mimi kwa wiki tatu," Mama Upepo akasema. Hakusema kwa kumkomoa. Alisema kama mtu anayemwonyesha mwenzake shimo alilotumbukia mwenyewe, na fundi alilisikia hilo, maana aliinuka akasema kwa sauti ndogo, "Andika, mzee, kwamba nimekosea kumwita mwongo."

Katibu alirudi ndani, akaandika muda mrefu. Dereva atabaki kazini. Kwa miezi mitatu hataendesha. Ataosha magari na kumsaidia fundi, kwa sababu daftari linataka upepo upimwe asubuhi ya safari, naye Alhamisi aliandika namba ya jana yake. Hilo lilikuwa kosa lake la haki na alilipokea. Nyumba haikutajwa. Alipofika kwa Mama Upepo, Katibu aliweka kalamu chini. "Wewe si mfanyakazi wangu. Sina adhabu ya kukupa. Sijui hata ningeandika nini."

 Mama Upepo alikuwa ameshasimama mbele ya muuguzi.

"Dada, mkono huu nimeuvunja mimi. Sikukusudia, lakini ni mimi. Nisamehe."

Muuguzi aliiweka sawa plasta yake kwa mkono wa kushoto. Alikuwa msichana wa watu, hajamaliza hata mwaka kazini, na kwa siku tano alikuwa akilishwa na kuvikwa nguo na dada yake.

"Nikikwambia nimekusamehe leo nitakuwa naigiza," akasema. "Bado unaniuma. Ila nilikuwa nalala namchukia mumeo, nikiamini alinipakia garini huku akijua. Hilo limeondoka." Akasita. "Rudi kuniona plasta ikitoka."

"Nitakuja," Mama Upepo akasema. Kabla ya hapo alikuwa hajalia. Hapo alilia, na Dereva akasimama mbele yake ili watu wa benchi wasimwone.

*

Maneno yana miguu. Jumatano mchana mwenye kituo alimkuta Mama Upepo ameshatundika kipande cha boksi juu ya mashine, kimeandikwa kwa rangi nyekundu: UPEPO HUPIMWA GARI LIKIWA LIMEPOA. LILILOTOKA SAFARI HATUPUNGUZI. NILIPUNGUZA, TAIRI LIKAPASUKA, MTU AKAVUNJIKA MKONO. RUDI ASUBUHI.

"Umenivunjia jina hospitalini, sasa unanivunjia na hapa," mwenye kituo akasema. "Ondoa mstari huo wa mkono."

"Nikiuondoa, boss, hawatasoma huo mwingine. Kibandiko kipo mlangoni mwa kila gari na hakuna anayekisoma."

"Wateja watakimbia!"

"Watakimbia na matairi mazima."

"Unajua naweza kukuandikia barua leo hii?"

"Najua. Mume wangu alipewa Ijumaa. Mstari hautoki."

Hakupandisha sauti. Alisema akikunja mpira wa upepo, duara juu ya duara, na mwenye kituo, aliyekuja amejiandaa kwa kilio au kwa matusi, alirudi kuusoma mstari ule. Alikuwa bado ametumbua macho lori lilipoingia, magurudumu yakifuka moto, dereva wake akachungulia na kupiga kelele, "Mama Upepo! Nipunguzie ya nyuma, zimevimba!"

 Mama Upepo alinyoosha kidole kwenye boksi.

Dereva wa lori alisoma, midomo ikicheza. Alirudia kuusoma mstari mmoja. Kisha akashuka, akazunguka nyuma ya lori lake akaweka kiganja juu ya tairi, akakiondoa upesi kwa sababu ya moto.

"Ni wewe uliyeandika hivi?" akauliza.

"Ni mimi."

"Mtu mwenyewe yu hai?"

"Yu hai. Ameniambia nirudi kumwona."

Mtu yule akazima injini. Akachukua chupa yake ya maji, akamwomba mwenye kituo radhi kwamba atamzibia nafasi kwa muda, akaenda kukaa kivulini kusubiri.